Bei ya Kuosha Malori Yadini: Faida Huanzia Lori la Ngapi?

Lori lililotoka Tunduma limevuta vumbi, tope na moshi wa zaidi ya kilomita 900 kabla halijafika Dar es Salaam. Likiingia yadini Kurasini, Tabata au Vingunguti, mwenye mali ana siku moja au mbili tu kabla halijapakia tena kwenda Zambia au Kongo. Hataki dereva azunguke nalo mjini kutafuta pa kuliosha, kwa kuwa kichwa na tela lake haviingii katika sehemu ya kuoshea magari madogo, na foleni ya Barabara ya Mandela haina huruma na mtu. Ndiyo maana kazi ya kuosha malori kwa kuyafuata yalipo imepata nafasi yake: Canter moja, simtanki mgongoni, mashine mbili za presha, mipira mirefu na vijana watatu waliovaa mabuti ya mpira.

Kuanza ni rahisi. Shida ni bei. Wengi wanaoingia katika kazi hii humuuliza jirani anatoza kiasi gani, wanapunguza shilingi elfu mbili ili wapate mteja, kisha wanashangaa kuona mwezi umekwisha, malori yameng'aa na pochi ni tupu. Bei ya jirani ina siri zake. Huenda anapewa maji bure na mteja, huenda gari ni la shemeji yake, huenda naye anapata hasara ila hajapiga hesabu. Anayetaka kujua bei yake aanze na kitu kimoja: gharama ya siku nzima ya kikosi chake, tangu kinapowasha gari asubuhi hadi kinaporudi na kukunja mipira. Lori moja moja baadaye.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, namba zake zimewekwa ili msomaji azibadilishe kwa za kwake. Yadi ina malori 12 ya kichwa na tela. Kwenda ni saa moja, kupanga vifaa nusu saa, kuosha kila lori dakika 25 kwa bunduki mbili za presha, yaani saa tano kwa yote, kisha nusu saa ya kukunja vifaa na saa moja ya kurudi. Jumla saa nane.

Waoshaji watatu wanalipwa shilingi 20,000 kila mmoja na dereva 30,000. Hiyo ni 90,000. Mashine ya kawaida ya presha kwa kazi hii hutoa kiasi cha lita 15 za maji kwa dakika. Bunduki mbili zikibanwa dakika kumi kila moja, lori limekunywa lita 300, na malori 12 lita 3,600. Boza likiuza lita 1,000 kwa shilingi 10,000, maji ni 36,000. Petroli ya mashine mbili, lita 15 kwa siku kwa bei ya 3,000, ni 45,000. Dizeli ya Canter 21,000. Sabuni 36,000. Mfuko wa uchakavu, yaani fedha zinazotengwa kwa ajili ya pampu, mipira, tairi na injini zitakazokufa tu siku moja, 40,000. Chakula, vocha na vidogo vidogo 12,000. Mpaka hapo ni 280,000. Bado leseni, bima, pango la stoo, mhasibu na malipo ya gari: tuseme 1,200,000 kwa mwezi, zikigawanywa kwa siku 20 za kazi ni 60,000 kwa siku. Jumla kuu ni shilingi 340,000.

Gawanya kwa malori 12. Kila lori limegharimu shilingi 28,333 kabla mwenye biashara hajajilipa hata senti.

Sasa tazama kinachotokea kwa bei mbili. Anayetoza 30,000 anakusanya 360,000 na kubakiwa na 20,000, ambayo ni pungufu ya posho ya dereva wake. Anayetoza 40,000 anakusanya 480,000 na kubakiwa na 140,000. Tofauti ya bei ni theluthi moja tu, lakini tofauti ya faida ni mara saba. Mteja akiomba apunguziwe asilimia kumi kwenye hiyo 40,000, jambo linaloonekana dogo mbele ya meza yenye soda, faida inashuka kutoka 140,000 hadi 92,000. Theluthi ya faida imeondoka kwa kutikisa kichwa mara moja.

Lakini yadi haina malori 12 kila siku, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Katika ile 340,000, ni 117,000 tu, yaani maji, petroli ya mashine na sabuni, inayopungua malori yakipungua. Hiyo ni 9,750 kwa kila lori. Zile 223,000 zilizobaki hulipwa hata kama kikosi kimekuta yadi tupu: vijana wameshatoka nyumbani, Canter imeshachoma dizeli, pango halijui kama jana kulikuwa na kazi. Kwa bei ya 40,000, kila lori linachangia 30,250 katika kulipa zile 223,000. Faida huanza lori la nane. Kwa bei ya 30,000 mchango ni 20,250 tu, na malori 11 yanaleta 222,750. Vijana wameosha malori 11, mikono imekunjamana kwa maji, na tajiri bado amepungukiwa na shilingi 250. Anayeuza kwa bei hiyo anafanya kazi kwa ajili ya lori la kumi na mbili.

Na kama meneja aliahidi malori 12 lakini yapo matano, mengine yamepakia usiku? Kwa 40,000 hasara ni 71,750. Kwa 30,000 ni 121,750. Dawa yake ni kiwango cha chini cha safari, kiandikwe kwenye mkataba kwa maneno yasiyo na mzunguko: kikosi kikifika, malipo hayapungui malori manane. Mteja mzuri hatagomba. Anajua maana yake vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe hutoza fidia lori lake likikaa siku nyingi kwa mteja bila kushushwa mzigo. Anayekataa kabisa sharti hili anasema, bila kutamka, kwamba hana uhakika na ratiba ya magari yake, na hilo ni jambo zuri kulijua mapema.

Saa ya getini nayo ina bei. Mlinzi hana taarifa, meneja hapokei simu, ufunguo wa lori la tatu ameondoka nao dereva aliyekwenda Mbagala kwenye msiba. Saa moja ikipotea hivyo, malori mawili hayataoshwa siku hiyo, na yameondoka na mchango wa 60,500. Waoshaji wazoefu hupiga simu jana yake jioni, wanaomba orodha ya namba za magari yaliyopo kwa ujumbe wa WhatsApp, na wanamwomba msimamizi ayapange malori kwa mstari, yakiacha nafasi ya mtu na brashi kati ya moja na jingine. Ombi hilo dogo la kupangwa kwa mstari linaokoa muda kuliko pampu mpya ya bei mbaya.

Muda wa kuosha upimwe kwa saa, usikisiwe. Mtu achukue malori matatu ya aina tofauti, aoshe kwa utaratibu wake wa kawaida, na aandike dakika. Utaratibu wenyewe una mantiki yake: tope la chini ya tela na nyuma ya matairi hutolewa kwanza kwa maji matupu, kisha sabuni hupakwa kuanzia chini kwenda juu ili isichore michirizi kwenye uchafu mkavu, brashi hupita, na maji ya kusuuza huanzia juu kushuka. Sabuni isiachwe ikaukie kwenye jua la saa saba, italeta madoa na lori litarudiwa bure. Nozo zina rangi zake zinazotambulika na watengenezaji wengi: nyekundu ni nyuzi sifuri, njano 15, kijani 25, nyeupe 40. Bodi la lori ni kazi ya kijani na nyeupe. Nyekundu hukata maji kama wembe, na haina shughuli karibu na tairi, sili za ekseli, nyaya za taa wala redieta. Kijana mmoja mwenye nozo nyekundu na haraka anaweza kuharibu kwa dakika moja kitu ambacho faida ya mwezi haitakilipa. Na nozo ikishalika, hutoa maji mengi zaidi kwa nguvu ndogo. Mwoshaji anaona maji yake yanaisha mapema na lori halitakati, anailaumu pampu, kumbe kibaya ni kipande cha chuma cha bei ya sahani ya chipsi.

Baada ya kupima, bei itengwe kwa aina ya kazi badala ya kusema tu "lori". Kichwa peke yake ni kazi moja. Kichwa na tela la flati ni nyingine. Tipa la mchanga au kifusi lina tope lililoganda ndani ya kila kona, na muda wake hautabiriki. Liwe na bei ya juu. Gari la kuchanganyia zege lisiandikwe kabisa kwenye orodha ya kuosha, kwa sababu saruji ikishakamata haitoki kwa maji, hiyo ni kazi ya kugonga na ina malipo yake. Injini, ndani ya kebini na ndani ya tela viwe mistari mitatu tofauti. Kuna pia uoshaji wa mara ya kwanza: lori ambalo halijaguswa kwa miezi sita litachukua muda mara mbili ya lile linalooshwa kila wiki mbili. Anayetoa bei moja kwa yote mawili anajiibia. Heri aseme wazi kwamba mzunguko wa kwanza una bei yake na ule wa kawaida unaanzia mzunguko wa pili.

Tela lililobeba salfa kwenda kwenye migodi ya shaba ya Kongo linahitaji aya yake. Salfa ikikutana na unyevu kwa muda mrefu hutengeneza tindikali inayokula chuma, kwa hiyo mwenye lori ana sababu nzuri ya kulipia kuoshwa kwa haraka na kwa uangalifu, na mwoshaji ana sababu nzuri ya kumwambia hivyo. Lakini vumbi lake huwasha macho na koo, tena hushika moto. Miwani, barakoa na glavu ziwe ndani ya bei, na vijana wasivute sigara karibu. Asiyeweza kuvigharimia vifaa hivi aache kazi hiyo kwa mwingine.

Dawa kali ni kishawishi kingine. Mitaani zinauzwa chupa zisizo na lebo, "dawa ya malori", zinazong'arisha rimu kwa sekunde chache. Nyingine ni kostiki soda, nyingine ni tindikali. Kostiki hula alumini, na matangi mengi ya mafuta na rimu nyingi za kisasa ni za alumini; leo tangi linang'aa, mwezi ujao limepauka lote na meneja anataka kujua nani analipa. Baadhi ya dawa za kung'arishia alumini zina tindikali ya floridi, inayopenya ngozi na kudhuru mpaka mfupa huku maumivu yakichelewa kujitokeza. Sabuni ya magari isiyo kali, brashi nzuri na dakika tatu zaidi ni rahisi kuliko kesi.

Gari la kubebea maji huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja kamili. Kirikuu, ambayo kwa asili ya Japani imetengenezwa kubeba kilo 350, ikibeba lita 300 imeshiba kabla mashine hazijapanda, na maji hayo ni ya lori moja tu. Pikapu ya tani moja ikijazwa lita 1,000 haina tena nafasi halali ya pampu wala vijana. Canter ya tani tatu inabeba lita 2,000 na vifaa vyote kwa raha. Hata hivyo swali la kwanza kwa mteja mpya liwe juu ya bomba lake: lina presha kiasi gani, na maji yanakatika siku zipi? Mteja akitoa maji, kikosi kinaokoa 3,000 kwa kila lori. Kinaweza kumrudishia 2,000 katika bei na bado kikafaidika. Yadi yenye kisima ni bora zaidi, ingawa mwenye kisima anapaswa kuwa na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni ya Wami/Ruvu.

Maji yanayotoka chini ya lori yana mafuta, grisi na sabuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua ardhi na maji, na NEMC ndiyo inayofuatilia. Kwa mwoshaji anayehama, mwenye yadi ndiye mwenye sakafu na mtaro. Mkataba useme maji machafu yanaelekezwa wapi na nani anasafisha shimo la kunasia mafuta. Yadi ya udongo mtupu iliyo karibu na mto Msimbazi ni kazi ya kukataa, au ya kutoza pamoja na gharama ya kukusanya maji na kuyaondoa. Kampuni kubwa za mafuta na za kimataifa huliuliza hili kabla hata ya bei, na mwenye jibu lililoandikwa hupita wengi.

Ni nani hasa mshindani wa biashara hii? Waoshaji wengine ni wachache. Mshindani mkubwa ni utingo mwenye ndoo na brashi, ambaye tajiri anamwona kama hana gharama. Pia wapo vijana wa kando ya barabara kuanzia Kimara hadi Kibaha, wanaoosha kichwa kwa bei isiyoweza kushindwa kwa sababu hawana gari, pango wala risiti. Kushindana nao kwa bei ni kujichosha. Kinachoweza kuuzwa ni kile wasichokuwa nacho: ratiba inayoheshimiwa, risiti ya EFD, na taarifa ya kila lori. Mtu anayezunguka lori lote kwa bunduki na brashi anaona mambo ambayo dereva mwenye usingizi hayaoni. Taa ya pembeni imekufa, stika ya kung'aa imebanduka, nati ya gurudumu ina mstari wa kutu, chini ya hab kuna mafuta. Kikosi kikituma picha mbili za kila lori zenye namba yake na mstari mmoja wa kasoro zilizoonekana, meneja wa karakana ataanza kukitetea mbele ya mhasibu. Picha hizo zinasaidia pia siku dereva atakapodai kioo kilivunjwa na waoshaji.

Nchini Marekani, ambako kazi hii ni ya zamani, pande mbili za soko zimejitenga wazi. Blue Beacon, iliyoanza Salina, Kansas, mwaka 1973, huweka vituo vyake kando ya barabara kuu na kungoja dereva aje. Muda wa kusafiri ni wa mteja. Waoshaji wanaohama hufuata yadi mwishoni mwa wiki, malori yakiwa nyumbani, na hupanga wateja wa eneo moja siku moja. Hoja hiyo ya pili inafaa kuigwa huku. Yadi mbili za Tabata siku ya Jumatano zina thamani kuliko yadi moja Tabata na nyingine Kigamboni, hata kama ya Kigamboni inalipa 2,000 zaidi kwa lori. Na ramani yenyewe inabadilika: Bandari Kavu ya Kwala mkoani Pwani ilizinduliwa Julai 2025, na kila kontena linalochukuliwa kule ni lori lisilolazimika kuingia Kurasini. Mwenye macho anaanza kuzungumza na wenye yadi za Mlandizi na Vigwaza leo.

Kuna wateja wasioonekana kirahisi kwa sababu malori yao ni madogo. Wasambazaji wa soda, bia, maji ya chupa, mikate na saruji wana Canter na Fuso zinazorudi ghalani kila jioni. Fuso moja huchukua dakika 15, lita 150 za maji, na gharama inayobadilika ya 5,250. Fuso 20 kwa bei ya 22,000 zinaleta 440,000 kwa zile zile saa tano za kuosha. Ukitoa 328,000, yaani zile 223,000 za kila siku na 5,250 kwa kila Fuso, inabaki 112,000. Ni pungufu ya faida ya semi, yale malori ya kichwa na tela, kwa siku nzuri, ila siku nzuri ya semi si kila siku, wakati Fuso za msambazaji zipo zote saa moja usiku. Mwandishi wa mwongozo huu, akipewa achague, angejaza siku tatu za wiki kwa wasambazaji na kuacha mbili kwa semi. Kazi ya usiku inahitaji taa imara na posho kubwa kidogo, hilo liingizwe kwenye hesabu.

Kazi ikikua, huja wakati ambapo kuhama kunakuwa mzigo. Mteja mwenye malori 60 yanayoingia na kutoka kila siku hahitaji Canter ije mara moja kwa wiki na kukuta matano. Anahitaji mashine moja na vijana wawili wanaokaa yadini, simtanki la lita 5,000 likiwa juu ya stendi ya zege, na lori linaoshwa linapoingia. Saa mbili za barabarani zinafutika, dizeli inafutika, na bei kwa lori inaweza kushuka bila faida kushuka. Wapo wanaoogopa kupendekeza hivi kwa hofu kwamba mteja ataajiri vijana hao mwenyewe. Hofu hiyo ina ukweli. Mkataba wa mwaka mmoja, vifaa vikiwa vya mwoshaji, unaipunguza.

Kuhusu malipo, mwoshaji anayekubali ankara ya siku 60 anapaswa kujua anakopesha kiasi gani. Safari 20 kwa mwezi, kila moja kwa gharama ya 340,000, kwa miezi miwili ni shilingi 13,600,000 zilizotoka kabla ya senti ya kwanza kuingia. Wengi hufia hapa huku vitabu vyao vikionyesha faida. Anayeanza achanganye: nusu ya wateja wawe wa kulipa siku hiyo hiyo kwa simu, hata kwa kupunguziwa kidogo, na wale wa LPO wasizidi uwezo wake wa kuwasubiri. Kwa kampuni inayokata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma, ankara ya 480,000 italeta 456,000 benki. Zile 24,000 si hasara iwapo cheti cha makato kitadaiwa na kutunzwa, kwani hupunguza kodi ya mapato mwisho wa mwaka. Cheti kisipodaiwa, ni zawadi. Kwa Mombasa na Nairobi, ankara isiyotoka eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa Kenya, humnyima mteja haki ya kuihesabu kama gharama ya biashara, kwa hiyo mwoshaji wa Jomvu au Mlolongo asiye nayo atabaki na wateja wa mkononi tu.

Bei ya petroli na dizeli hubadilika kila mwezi. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza. Katika mfano wetu, mafuta ya mashine na ya gari ni 66,000 kwa siku, karibu moja ya tano ya gharama yote. Mkataba wa mwaka mzima wenye bei moja ni kamari. Kifungu kifupi kinatosha: bei ya petroli ikipanda kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko siku ya kusaini, bei ya kuosha inajadiliwa upya, ikishuka kwa kiasi hicho, mteja naye ana haki hiyo hiyo. Masika yatajwe pia. Kati ya Machi na Mei wateja huahirisha, wakisema lori litachafuka tena kesho, na hapo ndipo kiwango cha chini cha mwezi, nacho kikiwa kimeandikwa kwenye mkataba, kinapookoa posho za vijana.

Kabla ya kununua gari la pili, mtu atazame la kwanza linajaa siku ngapi. Likifanya kazi siku 14 kati ya 20, fedha hizo ziende kwenye kutafuta wateja wa njia ile ile, au kwenye simtanki la yadini kwa mteja mkubwa. Gari la pili lina mtego mwingine usiosemwa sana. Kikosi kimoja cha mfano wetu, kikikusanya 480,000 kwa siku 20 za kila mwezi, kinauza shilingi 115,200,000 kwa mwaka. Vikosi viwili vinauza 230,400,000, na tangu Julai 2023 kizingiti cha kusajiliwa VAT Tanzania Bara ni milioni 200. Iwapo bei ya 40,000 ilisainiwa bila kusema ni kabla au baada ya kodi, na mteja akashikilia kwamba kodi imo ndani, asilimia 18 itang'oa 6,102 katika kila lori, wakati faida ya kila lori ilikuwa 11,667. Kodi iliyolipwa kwenye manunuzi yenye risiti itarudisha kiasi kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ni posho. Kwa hiyo nukuu ya bei ya kwanza kabisa, ile ya siku Canter ikiwa moja na deni la gari halijaisha, iandikwe chini yake kwamba bei zote ni kabla ya VAT, na kwamba kodi itaongezwa pindi mtoa huduma atakaposajiliwa.